Kaka Hayumo kwenye Karatasi

Jumapili. Mvua imeanza kabla ya alfajiri na haioneshi dalili ya kuchoka. Nimebaki nyumbani. Kanisani nitaulizwa naendeleaje, na leo sitaki kuulizwa na mtu.

Sijaandika hapa tangu likizo ya Desemba. Wachache mnaoisoma blogu hii mnanijua kama mwalimu mkuu anayependa kujisifu, na sikatai, nimejisifu sana hapa. Leo sina cha kujisifia. Naandika kwa sababu kifua kimejaa na sina wa kumwambia.

Wiki iliyopita tulimzika kaka yangu Asajile, kule kwetu Busale. Shule yangu ina walimu kumi na wanne.

Hakuna hata mmoja aliyekuja.

Asiyekulia Kyela anaweza kudhani nadeka. Kwetu msiba ni kazi ya mikono. Ukifiwa, wenzako wa kazini wanafika na kuni, na mchele, na sufuria zao. Wanawake wanafunga vitenge kiunoni, wanamenya ndizi, wanachota maji, wanaosha vyombo vya watu mia tatu bila kuulizwa. Wanaume wanafunga turubai na kuchimba kaburi. Machozi kila mtu anaweza kuyatoa. Ndugu wa marehemu wanatazama nani kainama jikoni, na wanakumbuka mpaka wajukuu.

Kaka alifariki Jumatatu, tukazika Jumatano, matanga yakaisha Ijumaa. Siku zote hizo nilikaa mkekani, na kila pikipiki ikisikika barabarani nageuza shingo. Wenzake wa biashara ya kokoa walikuja wote, hata yule waliyegombana naye kwa ajili ya mzani. Wanakwaya wakaja. Shangazi yangu, ambaye macho yake hayaoni vizuri lakini hayapitwi na kitu, akaniinamia siku ya kwanza.

“Atu, walimu wako mbona hatuwaoni?”

“Wanakuja, shangazi. Njia mbaya, si unaona mvua.”

Siku ya pili akauliza tena, nikadanganya tena, na jeneza la kaka yangu lilikuwa chumba cha pili. Siku ya tatu hakuuliza. Aliniwekea tu chai na kunipapasa bega, na hapo ndipo nilipoona aibu kweli.

Alhamisi ujumbe uliingia kwenye simu kutoka kwa Mwalimu Lusajo, msaidizi wangu. Niliusomea nyuma ya jiko, kwenye moshi, nikitumaini wako njiani. Ulisema: “Pole sana Mkuu kwa msiba mzito. Vipindi vyote vinafundishwa. Hakuna mwalimu aliyetoka kituo cha kazi.”

Niliusoma kama mara tano. Nilidhani ananikejeli. Nikaapa moyoni kwamba Jumatatu nitawanyoosha mmoja baada ya mwingine.

Jumatatu nikawaita ofisi ya walimu kabla ya kengele. Nilikuwa bado na kitambaa cheusi kichwani. Nikawauliza nimewakosea nini mpaka waniache nizike peke yangu kama mtu asiye na kazi wala wenzake. Wakakaa kimya. Kimya chao nimekizoea, ila siku hiyo kilikuwa kirefu. Mwishowe Lusajo akasimama, mzee wa miaka hamsini na sita, mwenye wajukuu, akasimama akinitazama viatu.

“Mkuu, utusamehe. Tuliangalia. Kaka hayumo kwenye karatasi.”

Ingekuwa kejeli ningejua pa kuishika. Haikuwa kejeli. Mzee wa watu alikuwa anaogopa.

Niseme habari ya karatasi.

Nilipopewa shule hii, mwaka juzi, ilikuwa ya mwisho kwenye kata. Kyela hatukosi msiba, na walimu walikuwa hawakosi misiba. Jumatano moja nilikuta walimu watatu tu. Waliobaki wote walikwenda kumzika baba mkwe wa mlinzi wa shule ya jirani. Watoto wa darasa la nne wako kwenye miwa ya watu. Darasa la saba wanajifundisha wenyewe hesabu, na wanakosea wote pamoja. Nilikasirika, na bado naona nilikuwa na haki ya kukasirika. Watoto wale hawakuwa na mtetezi mwingine.

Nikaandika karatasi, nikaichapa, nikaibandika kwenye mlango wa ofisi yangu. Ruhusa ya msiba ni kwa baba mzazi, mama mzazi, mume au mke, na mtoto. Msiba mwingine wowote, mwakilishi mmoja, baada ya saa kumi, kwa ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwalimu mkuu. Sikumwuliza mtu. Sikuwaketisha hata dakika kumi niwaambie, jamani, tunafanyaje, watoto wanaangamia na misiba haiishi. Wangeweza kunipa njia. Wao ndio waliozaliwa vijiji hivi, wanajua nani anaweza kubadilishana kipindi na nani. Mimi nilitaka gundi na karatasi.

Wa kwanza kuivunja alikuwa Mwalimu Gwamaka, kijana wa sayansi. Alikwenda kumzika babu yake bila kuaga. Aliporudi nikamsimamisha mbele ya wenzake aisome karatasi kwa sauti, mara tatu. Mara ya tatu sauti ilimkatika. Nilifikiri somo limeeleweka, na kweli lilieleweka, maana tangu siku ile hakuna aliyeomba tena ruhusa isiyomo.

Matokeo yalipanda. Nikapongezwa kwenye kikao cha kata, wakuu wengine wakaja kuomba nakala ya karatasi yangu. Nikaandika hapahapa, kwa mbwembwe, jinsi nilivyokomesha utoro. Mkaniita jembe. Mmoja akaniita mama wa chuma, nikaenda kulala nikitabasamu.

Ambacho sikuandika ni hiki. Viatu vyangu vikisikika kwenye baraza, kicheko ofisini kinakatika. Vikao vyetu vinakwisha haraka, kwa sababu nikiuliza kuna swali, hakuna swali. Nilijivunia hilo pia. Sakafu ya choo cha wasichana ilipasuka, na aliyeniambia ni mtoto wa darasa la tatu. Walimu wote walijua kwa wiki mbili na kila mmoja aliogopa kuwa yeye ndiye atakayefokewa. Nilipojua nikawafokea wote. Nimewahi kukaa semina siku nzima kufundishwa namna kiongozi anavyojenga mazingira ya watu kusema, nikatoka na cheti. Kimo ndani ya fremu, ukutani, juu ya kiti changu.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, nilikuwa nawafundisha watoto methali hiyo. Sikuisikia.

Na jambo jingine, nalisema kwa aibu. Kaka hayumo kwenye karatasi kwao, na kwangu pia hayumo. Mimi nilijiandikia ruhusa ya siku tano kwa mkono wangu, nikaitia saini, nikaondoka. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba sheria ile inanihusu. Na huyo mwakilishi mmoja wa baada ya saa kumi, nani angemwandikia ruhusa, wakati mwenye kalamu yuko Busale analia?

Mkuki kwa nguruwe.

Jumatatu hiyohiyo, nilipoingia ofisini nikiwa nimenywea, nilikuta barua mezani. Ilikuwa hapo tangu kabla ya msiba wangu, chini ya maandalio ya masomo. Mwalimu Tusekile anaomba uhamisho, mkoa wowote, mbali. Sababu: za kifamilia. Barua kama hiyo inapita kwangu kwanza, nikisaini ndiyo inaendelea.

Tusekile anafundisha darasa la kwanza. Katika miaka ishirini na sita ya ualimu sijaona mtu anayemfundisha mtoto kusoma kama yeye. Mtoto anaingia Januari hajui hata kushika penseli, na jina lake anaandika kabla mpunga haujavunwa. Nikamwita, nikamwuliza ni sababu gani hizo za kifamilia. Akasema ni za kawaida tu, Mkuu. Nikamwomba akae. Akakaa pembeni ya kiti. Nilikaa naye kimya muda mrefu kuliko ninavyoweza kukaa kimya, ndipo akasema.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, alifiwa na mama yake mdogo kule Ikolo. Akaja ofisini kwangu kuomba ruhusa. Nakumbuka alikuja. Nilikuwa naandika taarifa ya robo mwaka, sikuinua kichwa. Nilinyoosha kalamu kuelekea mlangoni, kwenye karatasi, nikasema mama mdogo hayumo. Akasema sawa, Mkuu. Akarudi darasani. Siku nzima ile nilisikia darasa la kwanza wakiimba namba, nikajisemea, huyu ndiye mwalimu.

Alikuwa anawaimbisha namba wakati mama yake anazikwa.

Kwa sababu huyo mama mdogo ndiye aliyemlea. Mama mzazi alifariki Tusekile akiwa hajaachishwa ziwa. Mama mdogo akamchukua, akamnyonyesha pamoja na binti yake, akauza ng'ombe ili asome ualimu. Tusekile hakuwahi kumwita mama mdogo; hilo neno alilitumia kwangu tu, kwa sababu karatasi ilikuwa inataka ukweli wa vyeti. Siku ya mazishi walimsubiri, maana yeye ndiye mkubwa wa nyumba ile na ndiye alipaswa kutupia udongo wa kwanza. Simu yake ilikuwa imezimwa, kama ninavyotaka simu zizimwe wakati wa vipindi. Wakamsubiri saa nzima kwenye mvua, halafu wakazika. Alifika saa kumi na mbili jioni, wanawake wanafunga sufuria.

Tangu hapo maneno yakaanza. Kwamba mtu hakimbii maiti bila sababu. Kwamba asiyemzika mama yake anajua kilichomuua. Maneno ya namna hiyo huku kwetu si ya kuchekea. Krismasi alikwenda na mchele na nguo za watoto, wakampakulia chakula peke yake, nje, na mchele wake wakaurudisha. Sasa hata sokoni watu wa Ikolo wanampisha njia.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia kwamba huyo ndiye mama yake.

“Hukuuliza, Mkuu,” akasema. Kisha, kama anayeomba radhi: “Na niliogopa.”

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, tena vibaya, na yeye akatoa kitambaa chake akanipa. Nilimwomba msamaha. Akasema sawa, Mkuu.

Jumanne nikabandua karatasi mbele ya walimu wote. Nikasema nilikosea, nikataja nilikokosea, nikamwomba Gwamaka radhi kwa jina. Nikawaambia tupange upya, wote, misiba na vipindi, na kila mmoja aseme anavyoona. Nikavuta kiti nikakaa kusikiliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yao. Ningeishukuru hasira yao. Gwamaka alikuwa anakuna meza kwa kucha. Mwalimu wa taaluma akafungua daftari, akashika kalamu tayari kuandika nitakachoamua. Baada ya muda Lusajo akasema, sawa, Mkuu, tumekusikia. Na wengine wakaitikia sawa, Mkuu, kisha kengele ikawaokoa.

Walidhani ni mtego. Ningekuwa mimi nami ningedhani hivyo.

Nikamwambia Tusekile nitakwenda naye Ikolo. Nitawaambia ndugu zake kwa mdomo wangu kwamba si yeye. Aliyemzuia ni mimi, aliyestahili kurudishiwa mchele ni mimi. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akasema sawa, na sasa nikifikiri, sijui kama alikubali au alitii.

Tukaenda jana. Bajaji ilituacha pale njia inapogeuka kuwa tope, tukavua viatu. Nilibeba mchele, sukari na doti ya kitenge, kama anayekwenda kutoa pole ya msiba, ingawa miezi sita imepita. Tulipokaribia nyumba alinirudisha nyuma kidogo akasema, “Mkuu, usimsalimie Subilaga kwa kucheka. Atadhani tumekuja kumdharau.” Ndiyo ushauri wa kwanza alionipa tangu nimjue.

Subilaga ndiye binti wa marehemu, yule waliyenyonya pamoja. Alikuwa barazani anapembua mchele. Nikamwamkia, “Mugonile,” akaitikia vizuri, akanitandikia mkeka, akaita mtoto alete maji ya kunawa miguu. Yote kwangu. Tusekile alibaki amesimama kwenye matone ya bati mpaka nilipomvuta mkono akaketi.

Nikasema yote. Sikujipunguzia. Nilieleza karatasi, kalamu niliyoinyoosha mlangoni, kichwa ambacho sikukiinua. Nilisema dada yenu alikuja kuniomba na mimi nilimfukuza kwa maneno matatu. Nilisema kama kuna mtu aliyemkosea mama yenu kaburini, ni mimi hapa. Wajomba wawili walikuwa wametoka ndani wakasikiliza. Mmoja alitikisa kichwa kwa huzuni, nikaona kama mlango unafunguka.

Subilaga aliweka ungo chini. Akapokea mchele wangu kwa mikono miwili, akapiga goti kunishukuru, “Ndaga, Mwalimu.” Kisha akasema, taratibu, bila kumtazama Tusekile:

“Wewe tumekusikia, na tumekusamehe. Ulikuwa humjui mama yetu. Lakini huyu alikuwa na miguu.”

Ningewaelezaje? Kwamba mtu mzima, mwenye miguu miwili na mama ndani ya jeneza, alishindwa kuvuka uwanja wa shule kwa sababu ya karatasi? Mlango ulikuwa wazi. Geti letu halina hata kufuli. Sikumfunga kwa kamba. Nilichomfungia hakionekani, na watu wa Ikolo hawawezi kukiona, na hata mimi nilikaa nacho miaka miwili nikakiita nidhamu.

Wajomba walisema maneno ya kutuliza. Watajaribu kuwapatanisha baada ya mavuno, walisema, waite wazee wa kanisa. Subilaga akachukua ungo wake. Kaburi liko nyuma ya migomba, akasema, hilo hatumzuii.

Barua ya uhamisho nimeisaini leo asubuhi, kabla sijaanza kuandika hapa. Kalamu ilinigomea. Nilitaka kumwomba abaki, nilitaka kumwambia darasa la kwanza litamlilia, na lingekuwa kweli. Lakini nikimwomba atasema sawa, Mkuu, na atabaki, na nitakuwa nimemfunga tena. Kwa hiyo nimesaini. Naipotezea shule yangu mwalimu bora niliyewahi kumpata, na hakuna wa kumlaumu.

Jambo la mwisho nilitaka nisiliandike.

Tulikwenda nyuma ya migomba. Kaburi bado ni la udongo, mvua imelilaza upande mmoja, majani yameanza kuota. Nilisimama mbali kidogo nimpe nafasi. Tusekile akasimama pale, mchirizi wa maji ukimtoka kwenye kitenge. Nilisubiri apige magoti, au alie, au aseme lolote. Hakufanya kitu. Halafu akageuka akanitazama.

“Mkuu, naomba ruhusa nikae kidogo.”

Ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa kwao, mbele ya kaburi la mama yake. Na hakuwa anatania, alikuwa anasubiri nijibu.

“Kaa, mwanangu,” nikasema. “Kaa utakavyo.”

“Asante, Mkuu.”

Ndipo akapiga magoti.

Kesho saa moja kasorobo nitaingia ofisi ya walimu, na kicheko kitakatika. Wale kumi na watatu wengine, wao ni nini wanachokisubiria ruhusa yangu, na mimi sijui?